Mipaka ya wadi ifuate jamii: mwongozo kamili wa kuandika memoranda ambayo IEBC (Tume ya uchaguzi na mipaka ya Kenya) itaishughulikia

Kila mambo ya mipaka yakianza kuongelewa inakuwa hivi. Watu wa mtaa wanakutana, wanakasirika, wanaandika barua ya kurasa sita kuhusu vile walitenganishwa na ndugu zao, wanapiga muhuri wa chifu na wa msikiti na wa kanisa, wanapeleka kwa Tume kama memoranda, yaani maoni ya maandishi, alafu ripoti ikitoka wadi iko vile vile. Wanasema wameonewa. Saa zingine ni kweli, lakini nyingi ya hizo barua hata mtu anayewapenda hangeweza kuzifanyia kitu, manake hakuna mahali imeandikwa ni kipande gani kihamishwe, kitoke wapi kiende wapi, na kina watu wangapi.

Huu mwongozo ni wa Kenya, wadi za kaunti, zile zinachagua MCA, mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti. Mifano mingi ni ya Pwani kwa sababu ndio kwetu. Historia nimeiacha, twende kazini.

Kitu kimoja mshike kabla ya yote: kudai mpaka ufuate jamii ni haki iko kwa Katiba, si ukabila na si kuomba msaada. Kifungu cha 89(5) kinasema idadi ya watu ikaribiane na kiwango cha nchi, lakini inaweza kupanda ama kushuka kwa sababu tatu: maumbile ya nchi na miji, mambo yanayounganisha jamii pamoja na historia, uchumi na utamaduni wao, na njia za mawasiliano. Kifungu cha 89(6) ndio kinaweka kuta: asilimia 40 juu ama chini kwa majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 30 kwa sehemu zingine zote. Ndani ya hizo kuta jamii inasikizwa. Nje yake mtalia tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

Msiitishe mkutano mkubwa kabla hamjapata hivi:

- Notisi ya Sheria nambari 14 ya mwaka 2012, ile ilichapishwa Machi 2012 ikiwa na maeneo bunge yote 290 na wadi zote 1,450. Hii ndio inasema wadi yenu imeundwa na sablokesheni gani, yaani yale maeneo madogo ya machifu wasaidizi.
- Matokeo ya sensa ya 2019 ya KNBS (ofisi ya takwimu ya taifa), kitabu cha pili, kile chenye idadi ya watu mpaka kwa sablokesheni. Kiko kwa tovuti yao, ni bure. Kitabu cha kwanza hakitawasaidia, kinaishia kwa kaunti ndogo.
- Katiba, kifungu 89 chote. Na Sheria ya Serikali za Kaunti, vifungu 26 na 27.
- Ramani. Mtu akijua QGIS, ile programu ya kuchora ramani, vizuri sana, kama hakuna basi Google Earth kwa laptop inatosha, na karatasi kubwa ya kuchora kwa mkono ya kutumia na wazee.
- Excel ama daftari la hesabu lenye mistari.
- Watu watano ama sita, si ishirini. Mmoja wa hesabu (mwalimu ni sawa), mzee anayejua mipaka ya ardhi, mama anayejua soko na maji, kijana wa kompyuta, na mtu mmoja wa upande wa pili, yaani kutoka wadi mnayotaka kuhamia ama ile mnayotoka. Huyu wa mwisho watu humsahau, na ndiye ana faida kuliko wote.

Onyo: mtu anayetaka kugombea MCA asiwe kwa hio kamati. Anaweza kuwanunulia chai. Jina lake likionekana kwa memoranda, wapinzani wake wote wataleta memoranda zao za kupinga, hata wale hawakuwa na habari na mpaka.

Hatua ya 1: Jueni kama shida yenu ni ya wadi kweli

Hapa ndio wengi hufeli na hawajui. Malalamiko ya mpaka yako aina nyingi, na kila moja ina mlango wake.

Kama shida ni mpaka wa kaunti, IEBC haiwezi kuugusa kwa kazi hii. Kifungu cha 188 kinataka tume huru ya kazi hio, kisha Bunge la Taifa na Seneti zipitishe kwa thuluthi mbili. Watu wa Mackinnon Road, kule Kwale na Taita Taveta wanavutana, ama Maseno kati ya Kisumu na Vihiga, wakiandika memoranda ya wadi kuhusu hilo wanapoteza karatasi.

Kama shida ni chifu yuko mbali ama lokesheni imegawanywa vibaya, hio ni ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mipaka ya machifu na mipaka ya uchaguzi ni vitu viwili, ingawa wadi zimejengwa kwa matofali ya sablokesheni.

Kama shida ni jina tu, ombeni jina tu! Kifungu cha 89(3) kinataja idadi, majina na mipaka ya wadi, yote matatu. Kubadilisha jina hakuhamishi mtu hata mmoja, hakugusi hesabu, na jirani hana sababu kubwa ya kukasirika. Pale Mvita kuna wadi zinaitwa Mji wa Kale/Makadara na Shimanzi/Ganjoni, na huo mstari wa katikati unaonyesha majina ya mitaa miwili yanaweza kukaa kwa wadi moja. Kuna jamii ambazo zingetulia kabisa na mstari kama huo, lakini wao wanadai wadi nzima.

Kama shida ni "tuongezewe wadi", kaeni chini kwanza. Sheria ya Serikali za Kaunti inasema wadi zisizidi 1,450 nchi nzima na tayari ziko 1,450. Wadi mpya kwenu ni wadi imetolewa mahali pengine. Inawezekana, lakini lazima muonyeshe kwa hesabu kwamba kwenu watu wamejaa kupita ukuta, na hata hivo ni ngumu kuliko kuhamisha sablokesheni moja.

Na wadi haivuki mpaka wa eneo bunge. Mkitaka kujiunga na watu wa eneo bunge lingine, mnaomba mabadiliko ya eneo bunge, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Mmefaulu hatua hii kama mnaweza kusema ombi lenu kwa sentensi moja bila kumeza mate: "Tunaomba sablokesheni fulani itoke wadi fulani iingie wadi fulani, zote za eneo bunge fulani."

Hatua ya 2: Someni wadi yenu vile iliandikwa 2012

Fungueni ile notisi, tafuteni kaunti, eneo bunge, alafu wadi. Mtakuta maelezo mafupi sana yanayotaja sablokesheni zinazounda hio wadi. Andikeni moja moja.

Angalieni sana pale imeandikwa "sehemu ya" sablokesheni fulani. Hapo ndio kidonda kiko mara nyingi. Sablokesheni ilikatwa katikati, nusu huku nusu kule, na watu wa chini hawajui laini inapita wapi mpaka siku ya kuomba basari ndio wanaambiwa wao si wa ofisi hii.

Kuna sablokesheni zimegawanywa ama kuanzishwa baada ya 2012, kwa hivyo majina ya notisi na majina ya sensa ya 2019 hayatalingana yote. Msijaze kwa kukisia. Nendeni kwa chifu msaidizi muulize sablokesheni mpya ilitoka kwa ipi ya zamani, na muandike hivo hivo kwa memoranda: "sablokesheni hii mwaka 2012 ilikuwa ndani ya ile."

Hatua ya 3: Hesabu. Hapa hakuna njia ya mkato

Chukueni watu wote wa Kenya kwa sensa ya 2019, 47,564,296, gawanyeni kwa wadi 1,450. Inakuja 32,803. Hio ndio kota, kiwango cha wadi moja. Kuta zake ziko hivi:

- Sehemu za kawaida, asilimia 30: kutoka 22,962 mpaka 42,644.
- Majiji na sehemu za watu wachache, asilimia 40: kutoka 19,682 mpaka 45,924.

Hapo kuna makosa mawili nayaona kila mara. La kwanza, watu kutumia idadi ya wapiga kura. Sheria inahesabu wakaaji, yaani mtoto wa siku moja na mzee asiyepiga kura na mtu asiye na kitambulisho, wote. La pili, kutumia wastani wa kaunti yao. Kota ni ya nchi nzima.

Wastani wa kaunti una kazi nyingine, kuwaonyesha mko wapi. Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 na wadi 30, yaani kama 40,278 kila wadi. Ni juu ya kota kwa karibu asilimia 23, kwa hivyo mtu wa Kisauni ama Nyali akilia wadi imejaa analia na msingi. Lamu ilikuwa na watu 143,920 na wadi 10, yaani 14,392. Hio ni chini ya kota kwa asilimia 56, imepita hata ule ukuta wa 40.

Na hapa niseme kitu ambacho wenzangu wa Lamu hawapendi kusikia. Lamu Mashariki nzima ilikuwa na watu 22,258 na ina wadi tatu, Faza, Kiunga na Basuba. Basuba ndio mfano watu hupenda kutoa, ati "mbona Waboni wamepewa wadi yao na sisi je?" Lakini ule mgawanyo wa kwanza chini ya Katiba mpya ulikuwa na kinga maalum, Jedwali la Sita la Katiba lilisema hakuna eneo bunge lililokuwepo litapotea kwa mapitio ya kwanza. Lamu Mashariki ilikuwa na hio kinga, lakini ni ya mapitio ya kwanza tu. Kwa hivyo msijenge memoranda yenu juu ya Basuba, na watu wa Basuba wenyewe wangeanza kukusanya ushahidi wao leo badala ya kungoja.

Sasa mfano wa hesabu, huu nimeubuni ili muone vile inaenda. Wadi ya kwanza ina sablokesheni nne: 14,200 na 11,900 na 9,600 na 8,100. Jumla 43,800, iko juu ya kota kwa asilimia 33.5, imepita ukuta. Jirani yake ina 21,300, chini kwa asilimia 35.1, nayo imepita ukuta upande wa chini. Watu wa ile sablokesheni ya 8,100 wanasema sisi na jirani ni kitu kimoja. Wakihama, ya kwanza inabaki 35,700 (juu asilimia 8.8) na ya pili inakuwa 29,400 (chini asilimia 10.4). Zote mbili zimeingia ndani.

Lakini angalia, ukihamisha ile kubwa ya 14,200 badala yake, unapata 29,600 na 35,500, nayo pia iko sawa kabisa. Hesabu peke yake haikuchagulii. Hapo ndio jamii inaingia: njia zote mbili ziko ndani ya kuta, Tume inahitaji sababu ya kuchagua moja, na hio sababu ni nyinyi mnaileta. Memoranda nzuri inaanzia hapo.

Onyo: hesabuni wadi zote mbili kila mara, mnayotoka na mnayoingia. Mkionyesha yenu tu, wa Tume atafanya ile ingine mwenyewe na akikuta mmeiangusha chini ya ukuta hatasoma ukurasa wa pili.

Onyo lingine, tumieni sensa ya mwisho iliyopo mapitio yakianza. Ikifika baada ya sensa ya 2029, namba zote hapa juu zinabadilika. Na kwa Mandera, Wajir na Garissa matokeo ya 2019 yamekuwa na kesi kortini, kwa hivyo wa huko wapate wakili awaambie watumie namba gani.

Hatua ya 4: Thibitisheni kwamba nyinyi ni jamii moja

Hii ndio hatua watu wanadhani wanaijua. Wanaandika "sisi sote ni kabila moja" wanafunga. Hio sentensi ni mbaya mara mbili. Kwanza Katiba hio hio, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kabila na dini, na wadi yoyote ina watu mchanganyiko, kwa hivyo yule mgeni aliyekodisha nyumba kwenu miaka kumi mmeshamwambia hii wadi si yake. Pili, kabila halionyeshi kwa nini mpaka uliopo unawaumiza.

Kinachofanya kazi ni maisha ya kila siku. Jiulizeni mnafanya nini pamoja na watu wa upande mnaoutaka, na mnafanya nini na watu wa upande mlioko. Andikeni kwa jedwali:

- Soko la kila wiki ni lipi, na nani wanaenda?
- Maji yanatoka wapi, kisima gani, bomba la mradi gani, kamati ya maji inakaa wapi?
- Watoto wanasoma shule gani?
- Mgonjwa anapelekwa zahanati gani?
- Ofisi ya MCA iko wapi, nauli ni pesa ngapi, mnashuka mara ngapi njiani?
- Mnazika wapi? Mnaswali ama kusali wapi?
- Kuna kaya (ule msitu mtakatifu wa wazee), msitu, malisho ama bandari ya wavuvi mnayosimamia pamoja?

Ukichukua ile ya mwisho, mfano wavuvi. Bandari ya wavuvi iko wadi hii, nyumba za wavuvi ziko wadi ile, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ni moja, wanachama walewale. Wakiomba friji ya samaki kwa MCA wa kwanza anawaambia wapiga kura wangu si nyinyi, wakienda kwa wa pili anawaambia bandari si yangu siwezi kuweka pesa kwa ardhi ya wadi nyingine. Samaki wanaoza kati ya maofisi mawili. Ukiandika hivo, ukaweka barua mbili za maombi zilizokataliwa na tarehe zake, umeonyesha "uchumi na utamaduni" wa kifungu 89(5) bila kutaja kabila hata mara moja.

Ushahidi mnaupata vipi? Mwalimu mkuu anaweza kuwapa idadi ya wanafunzi kwa kijiji. Wahudumu wa afya wa jamii wanajua kaya ngapi zinatumia zahanati gani. Kamati ya maji iko na rejista. Ombeni jumla tu, msiombe majina ya watoto wala ya wagonjwa, hamna haki ya kuyapata na memoranda haiyahitaji.

Historia nayo ina nafasi, lakini iwe fupi na iwe na kitu cha kushika: cheti cha shamba, ramani ya zamani, barua ya chifu, kumbukumbu ya mkutano. Hadithi ya babu aliyehama na ng'ombe wake ni tamu, ipelekeni kwa kikao muisimulie kwa mdomo, kwa karatasi aya moja inatosha.

Mmefaulu kama mtu asiyewajua akisoma jedwali lenu anaweza kusema mpaka upite wapi kabla hajaambiwa mnataka upite wapi. Wapeni mtu wa mbali asome mjaribu.

Hatua ya 5: Choreni mpaka, na muuandike kwa maneno pia

Kwanza jaribuni kuhamisha sablokesheni nzima. Hio ni rahisi, idadi ya watu inajulikana, laini iko. Kukata sablokesheni katikati kufanyike tu kama hakuna njia, manake KNBS haichapishi idadi ya nusu kijiji, itabidi muiandikie barua wawape hesabu ya vile vieneo vidogo vya sensa na hamjui majibu yatafika lini.

Mkilazimika kukata, fuateni kitu hakihami: barabara kuu, reli, mto wa kudumu, ufuo. Msifuate mbuyu, duka la mtu, kona ya ploti wala mto wa msimu. Mbuyu unaanguka, duka linauzwa, na ule mto wa msimu mvua kubwa ikipiga unapita kwingine na wadi yenu inahama nao.

Anzeni na wazee kwa karatasi kubwa ili wabishane hapo, alafu kijana atembee laini na simu akichukua pointi za GPS, kisha mchore kwa kompyuta. Mkianza na kompyuta wazee wataangalia tu skrini watikise kichwa, na siku ya kikao ndio watasema hapo si penyewe.

Maelezo ya maneno yazunguke eneo lote bila kuacha pengo, mfano: "Kuanzia daraja ambapo barabara kuu inavuka mto, kufuata mto kuelekea baharini mpaka mdomoni, kufuata ufuo kuelekea kaskazini mpaka mwisho wa sablokesheni, kisha kufuata mpaka wa sablokesheni kurudi barabara kuu, na barabara kuu mpaka daraja lilipoanzia." Mtu akisoma na kidole juu ya ramani kidole kirudi kilipoanzia. Kisiporudi, kuna shimo.

Hatua ya 6: Nendeni kwa jirani kabla jirani hajaja kwenu

Nimesema mtu wa upande wa pili awe kwa kamati, sasa hapa ndio kazi yake. Nendeni kwa wazee wa kule, na jedwali la hesabu, muwaambie ukweli: mkitupokea wadi yenu itakuwa na watu hawa, mkitupoteza itakuwa na hawa.

Wakikubali, pateni barua ya nusu ukurasa imesainiwa. Hio barua ina uzito kuliko sahihi elfu mbili zenu, kwa sababu Katiba inataka Tume isikize kila mwenye maslahi, na mkija mmeshakubaliana mmewaondolea kazi ngumu.

Wakikataa, waulizeni kwa nini muandike sababu yao kwa memoranda yenu na muijibu. Msiifiche. Watakuja kuisema wenyewe kwa kikao mbele ya makamishna na nyinyi mtakuwa mmekaa kama hamkujua.

Hatua ya 7: Andikeni memoranda

Kurasa tatu mpaka tano, na viambatisho nyuma. Kiswahili ni lugha rasmi, andikeni nacho kama ndicho mnakimudu, Kiingereza kibovu hakiongezi kitu. Mpangilio:

Ombi liwe juu kabisa, sentensi ile ya hatua ya kwanza. Chini yake jedwali la hesabu, wadi mbili, kabla na baada. Kisha sababu za jamii, kila moja na namba ya kiambatisho chake. Kisha maelezo ya mpaka na ramani. Kisha jirani amesemaje. Mwisho kabisa chaguo la pili, yaani "kama ombi hili haliwezekani, tunaomba angalau jina la wadi libadilishwe liwe hivi", ama "angalau ile nusu ya sablokesheni irudishwe pamoja". Watu wengi wanaogopa kuweka chaguo la pili ati ni kuonyesha udhaifu. Mimi naona ni kinyume, manake Tume ikiwa imekwama na la kwanza inapata kitu cha kuwapa.

Aya ya sababu iandikwe namna hii: "Kati ya wanafunzi wa shule iliyoko wadi ya pili, zaidi ya nusu wanatoka sablokesheni yetu (kiambatisho 3). Kamati ya maji ni moja (kiambatisho 4). Kufika ofisi ya MCA wa sasa tunapanda magari mawili na kupita ndani ya wadi tunayoomba kuingia (ramani 2)." Mnaona hakuna "tumeteswa", hakuna "tumetengwa". Uchungu msomaji ataupata mwenyewe kwa ile ya magari mawili.

Sahihi: fomu iwe na jina, nambari ya kitambulisho, kijiji, sahihi, tarehe. Kila mtu ajisainie. Karatasi yenye sahihi thelathini za mwandiko mmoja inachafua zile zingine zote za kweli. Na tafadhali msipige picha hizo fomu mkatupa kwa WhatsApp ya mtaa, nambari za vitambulisho za watu si za kuchezea, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna matapeli.

Hatua ya 8: Kupeleka na kusikizwa

Pelekeni nakala ofisi ya IEBC, mkabaki na moja imepigwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila hio nakala hamna kitu siku ya korti. Tumeni na kwa barua pepe pia.

Kikao cha maoni ya umma kikitangazwa, nendeni wengi lakini aongee mmoja, labda wawili, mwanamke na mwanamume. Mtapewa dakika chache. Semeni ombi, hesabu, sababu mbili kubwa, jirani, kaeni chini. Yule mzee wa hadithi mpangieni dakika moja yake kabisa, mkimnyima atasimama hata hivo.

Msisombe watu na magari ya mwanasiasa. Inaonekana.

Hatua ya 9: Ripoti, Gazeti Rasmi, na siku 30

Tume hutoa ripoti ya awali kwanza, watu wanapewa muda wa kuijibu, na huo muda ni wa kuhesabu siku, umeandikwa kwa notisi. Mtu mmoja wa kamati awe ndio kazi yake kuangalia. Ripoti ya awali ikitoka na mko nje, jibuni kwa ukurasa mmoja mkitaja nambari ya memoranda yenu na kitu gani hakikuangaliwa, msiandike upya yote.

Uamuzi wa mwisho ukichapishwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, kifungu cha 89(10) na (11) kinawapa siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na korti inatakiwa kumaliza ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2012 kesi zilikuwa rundo, majaji watano wakaketi kuzisikiliza pamoja, wengine walihamishiwa sablokesheni, wengine walibadilishiwa jina, na wengi walitupwa. Siku 30 ni chache, kwa hivyo wakili atafutwe wakati wa ripoti ya awali.

Na muda wenyewe je? Kwa maeneo bunge Katiba inataka mapitio kila baada ya miaka 8 mpaka 12, na ile 12 iliisha Machi 2024 wakati Tume haina hata kamishna mmoja, viti vilikuwa wazi kutoka mwanzo wa 2023 mpaka Julai 2025. Kifungu cha 89(4) kinasema uchaguzi mkuu ukiwa ndani ya miezi 12 baada ya mapitio kumalizika, mipaka mipya haitumiki kwa uchaguzi huo. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, hesabuni wenyewe. Kwa hivyo msikubali mtu awachangishe pesa akiwaahidi wadi mpya ya 2027. Lakini jedwali la jamii, ramani na barua ya jirani haviozi, kusanyeni sasa wakati mnao muda wa kubishana bila presha.

Siku mkishinda, chukueni Gazeti mlinganishe sablokesheni moja moja na ombi lenu, hasa pale pa "sehemu ya", kwa sababu neno moja likikosewa hapo nusu ya kijiji inabaki nje na siku 30 zinaanza kuhesabika siku hio hio. Alafu kabla ya uchaguzi kila mtu aangalie kituo chake cha kupigia kura kimeandikwa wadi gani.